Nyumba Zetu: Picha za Jamaa na Sanduku la Kuzihifadhia



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumepokea barua ya kijana mmoja wa Makambako ambaye hakutaka jina lake litajwe, nasi twamheshimu kwa hilo. Asema kwamba yeye na nduguze wamekusanya picha za jamaa yao, za karatasi na za simu, hata zimefika kiasi cha 60,000. Na sasa wamo katika shauri la kununua lile sanduku dogo la diski liungwalo na mtandao wa nyumba, ili kila aliyemo nyumbani aweze kuzitazama kwa simu yake au kompyuta yake. Auliza mambo mawili. La kwanza, je, yafaa katika dini kukusanya picha nyingi namna hiyo? La pili, je, wakisha kuzitia humo waweza kuzifuta katika simu zao na kulala salama?

Swali la kwanza tutalijibu kwa ufupi, kwani lina wenyewe wanaolijua zaidi yetu. La pili tutalijibu kwa urefu, maana jibu lake mimi nimelilipia.

Ama hukumu ya picha za kamera, wanachuoni wamekhitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri na aliyefariki mwaka wa 1935, aliandika risala akionyesha kwamba picha ya kamera si sawa na kuchonga sanamu wala kuchora, bali ni kukizuia kivuli tu. Na wengi wameifuata rai hiyo. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka wa 1999, aliona kwamba haifai isipokuwa kwa haja, kama vile picha za vitambulisho. Kijana wetu amwulize sheikh amwaminiye, na nyumba iliyoshika rai ya pili isichekwe wala isilaumiwe. Maneno yetu yote yanayofuata ni kwa wale waliokwisha kuwa na picha nyumbani mwao, nao ndio wengi.

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa katika wasiopenda kupigwa picha. Kila alipoona simu imeinuliwa alivuta ukaya wake akageukia upande mwingine. Mara moja tu alikubali, nayo ilikuwa Idd ya kuchinja, mwezi wa Agosti mwaka wa 2019, hapa Njombe. Anayeijua Njombe alijua jua la mwezi huo: laangaza wala halichomi. Alikaa juu ya mkeka nje ya nyumba, amejitanda shali juu ya sweta, wajukuu saba wamemzunguka, akasema, "Haya, pigeni, msije mkasema bibi yenu alikuwa mkali." Zikapigwa picha 14. Mwaka wa 2021 alitangulia mbele ya haki.

Sasa, katika mwaka wa 2020 sisi ndugu watatu tulikuwa tumechangishana tukanunua sanduku kama hilo analolitaka kijana wetu. Lilikuwa na diski mbili ndani yake. Mpwa wangu, aliyesoma mambo ya kompyuta, ndiye aliyelipanga, akaniambia, "Mjomba, diski hizi ni pacha. Kila kinachoandikwa katika hii huandikwa katika hii nyingine saa ile ile. Ikifa moja, ya pili yashika kazi." Mimi nikafahamu kwamba basi tuna nakala mbili, na mwenye nakala mbili ana khofu gani? Tukakusanya picha za nyumba zote tatu, za tangu mwaka wa 2009, tukazitia. Kisha kila mtu akafuta katika simu yake, kwani simu zilikuwa zimejaa hata hazipokei ujumbe. Tulifurahi sana. Jioni baada ya Isha watoto walikuwa wakifungua picha za arusi na za mavuno, wakicheka jinsi baba zao walivyokuwa wembamba.

Usiku mmoja wa mwezi wa Machi mwaka wa 2023, mvua ikinyesha na radi ikipiga, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa nguvu hata taa ya sebuleni ikapasuka. Sanduku likanyamaza. Asubuhi nilipolikaribia nikasikia harufu ya kitu kilichoungua. Diski zote mbili zilikuwa zimekufa, maana zote mbili zilikuwa zikinywa umeme katika kifaa kimoja, ndani ya sanduku moja, juu ya kabati moja. Fundi wa hapa mjini alitikisa kichwa. Tulizipeleka kwa fundi mwingine Dar es Salaam, naye akasema yamkini kitu kitapatikana, lakini akataja fedha ambazo lau tungeuza viazi vyetu vyote vya msimu ule zisingetimia. Diski hizo ninazo mpaka leo, zimefungwa kitambaa.

Kwa hiyo jibu la swali la pili ni hapana; kijana wetu asizifute. Na sababu yake yataka kuelezwa vizuri, kwa kuwa ni kosa wanaloliingia watu wengi wenye akili zao. Diski pacha si nakala. Kazi yake ni kufanya sanduku lisisimame siku diski moja inapochakaa, na kazi hiyo yaifanya vizuri. Lakini ile ya pili ni kioo cha ile ya kwanza: ukinyoa ndevu, na aliye kiooni amenyoa. Mtoto akifuta picha za mwaka mzima kwa kubonyeza pasipostahili, zimefutika pande zote mbili kwa mara moja. Mwizi akichukua sanduku, amechukua zote. Nyumba ikiungua, zimeungua zote. Nakala ya kweli ni ile ambayo balaa lililoifika ya kwanza haliwezi kuifika yenyewe kwa saa ile.

Haya si mambo mapya kwa Waislamu. Twajua sote habari ya Mushafu, wala hatufananishi picha zetu na Kitabu cha Mwenyezi Mungu, hasha. Twatazama mwenendo wa Masahaba tu. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar alimwendea Sayyidna Abubakar akimwonyesha hatari ya kuiacha Kurani katika vifua na katika vipande vilivyotawanyika, ndipo Zaid bin Thabit akaamrishwa aikusanye. Kurasa zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar, kisha kwa binti yake, Bibi Hafsa. Ulipofika wakati wa Sayyidna Uthman, aliziazima kwa Bibi Hafsa, akafanyiza nakala, akazipeleka katika miji mikuu ya Kiislamu, na zile za asili akamrudishia mwenyewe. Tazama mambo matatu yaliyomo: yuko mwenye dhamana anayejulikana, ziko nakala zaidi ya moja, na nakala hizo ziko mbali mbali.

Na hapa kwetu pwani wako waliofuata njia hiyo katika zama zetu hizi. Miswada ya kale ya msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kurasa kwa kurasa kwa msaada wa mpango wa British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu. Picha zake ndizo zilizosafiri, zikawekwa London pia. Chumvi ya bahari na mchwa wa Lamu hawawezi kufika London.

Basi turudi Njombe. Baada ya msiba ule wa sanduku, dada yetu mkubwa aliye Makambako alikumbuka kwamba ile kompyuta yake kuukuu, ambayo sote tulimwambia aiuze, ilikuwa bado iko chini ya kitanda. Hakupenda kuiuza, alisema haoni raha kuuza kitu kilichojua siri zake. Tulipoiwasha tukakuta picha zetu 9,000 na ushei, mpaka za mwaka wa 2016. Na katika simu yake tukaikuta picha moja ya mama ya ile siku ya Idd, aliyotumiwa kwa WhatsApp. Tulimshukuru Mwenyezi Mungu. Walakini WhatsApp, aghlabu, huipunguza picha kabla ya kuipeleka ili isafiri upesi. Kwa hiyo picha hiyo katika simu yapendeza, ila ukitaka kuikuza uitie katika fremu, uso wa mama huvunjika vipande vipande. Zile nyingine 13 hatunazo.

Kutoka Njombe hata Makambako ni kiasi cha kilomita 60 kwa barabara ya lami iendayo Songea. Radi ipigayo Njombe haifiki Makambako. Jamaa nyingi za Kiislamu za huku zina nyumba katika miji yote miwili, au zina shangazi huku na mjomba kule, kwa kuwa sisi huku ni wachache na wengi wetu tulikuja kwa biashara, kwa kazi za serikali, au kwa reli. Hiyo ni neema katika jambo hili. Mwenye ndugu katika mji mwingine ana ghala la pili bila ya kulipa pango.

Hivi ndivyo tufanyavyo sasa, na kijana wetu aweza kufuata akipenda. Sanduku jipya la nyumbani lipo Njombe, nalo lina diski zake pacha, kwani hatukuliacha jambo hilo. Lina faida yake. Limeungwa na betri ya akiba ambayo hupokea umeme kwanza na kuuchuja, na umeme ukikatika hulipa sanduku dakika chache za kujifunga kwa taratibu. Kisha tuna diski mbili za nje, za kubebeka, kila moja yatosha picha zote. Moja hukaa Makambako kwa dada. Ya pili huwa Njombe, hujazwa picha mpya, kisha huchomolewa ikawekwa kabatini, isiachwe ikiwa imeungwa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi mmoja wetu hubadilishana nazo: mpya yaenda, ya zamani yarudi. Kwa hiyo hata balaa likitufika vibaya kabisa, tutapoteza picha za mwezi mmoja tu.

Sasa tuseme kidogo juu ya ukubwa, kwa kuwa wauzaji hupenda kumtisha mnunuzi. Mwaka wa 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa diski ya kwanza ya kompyuta: ilikuwa kubwa kama kabati, ina sahani 50 ndani yake, na yote hiyo ilibeba herufi milioni 5 tu. Isingetosha picha mbili za simu ya leo, kwani picha moja ya simu huchukua kiasi cha megabaiti 3 hadi 4. Picha 60,000 za megabaiti 4 ni gigabaiti 240. Kinachokula nafasi khasa ni video. Dakika moja aghlabu ni megabaiti 60 hadi 130, kwa hiyo arusi moja iliyopigwa mfululizo yaweza kuzidi picha za mwaka mzima. Sanduku lenye diski pacha za terabaiti 4 kila moja lina nafasi ya terabaiti 4, si 8, kwani ile ya pili ni kioo. Hizo zatosha nyumba nyingi kwa miaka mingi.

Jambo jingine ni waya. Mara ya kwanza ya kuhamisha picha, kompyuta na sanduku viungwe vyote na ruta kwa waya wa mtandao. Kwa waya mzuri hupita kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 240 kwa hesabu ni dakika 40, na kwa sababu faili ni nyingi na ndogo ndogo, tuseme saa moja na nusu. Kwa waifai dhaifu inayopitisha megabaiti 5 kwa sekunde ni zaidi ya saa 13, na katikati umeme utakatika. Baada ya hapo, kutazama kwa waifai hakuna taabu. Na wala sanduku halihitaji intaneti ili litazamwe nyumbani. Hupita ndani ya nyumba tu, kwa hiyo vocha haipungui.

Wale wanaotumia programu za kupanga picha katika kompyuta wajue kwamba programu hizo zina vitu viwili: picha zenyewe, na daftari linalosema kila picha iko wapi, nani yumo, na imerekebishwaje. Watu huvihamisha vyote viwili, kisha hulalamika kwamba mambo ni mazito au yameharibika. Daftari hilo huandikwa mara kwa mara kwa vipande vidogo, na mtandao ukikatika katikati ya sentensi, ukurasa wakorogeka. Lightroom Classic, mathalan, haikubali kabisa kufungua daftari lake likiwa katika diski ya mtandao, picha yakubali. Wafanya biashara wa Makambako wataelewa upesi: mzigo hukaa ghalani, na daftari hukaa dukani mezani. Kila siku ya kufunga hesabu, nakala ya daftari nayo ipelekwe ghalani.

Ama kuhusu maghala ya kampuni za ng'ambo, ambayo watu huyaita wingu, hatuyakatazi. Yafaa kuwa nakala ya tatu kwa picha chache zilizo azizi. Ila yasiwe ndiyo tegemeo. Wengi walizoea kuweka picha bure bila ya kikomo katika Google. Tangu tarehe 1 Juni mwaka wa 2021, picha mpya huhesabiwa katika gigabaiti 15 za bure, na zikijaa ni kulipa. Na akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 yaweza kufutwa na vilivyomo, jambo ambalo warithi wa maiti hawalijui mpaka limekwisha kutokea. Mwezi wa Mei mwaka wa 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikawa nzito Tanzania na nchi za jirani. Siku zile sisi tulikuwa tukitazama picha zetu kama kawaida.

Sasa tufike mahali ambapo watu wa nyumba za Kiislamu wanapaswa kupatazama kuliko wengine, napo ni sitara. Sanduku la picha limekaa sebuleni, lakini vilivyomo ndani yake vimetoka vyumbani. Zimo picha za binti zetu hawajajitanda, za mama mzazi baada ya kujifungua, za mgonjwa kitandani. Katika Suratun-Nuur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba hata watoto wa nyumba hiyo hiyo ambao hawajabaleghe wabishe hodi katika nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya swala ya Isha. Ikiwa mtoto wako mwenyewe yuataka ruhusa ya kuingia chumbani saa hizo, basi vipi picha za chumba hicho ziwe wazi kwa shemeji, kwa mpangaji, na kwa kila mgeni aliyepewa neno la siri la waifai?

Kwa hiyo msiweke picha zote katika folda moja ambayo kila mtu huifungua. Sanduku hizi huruhusu kila mtu kuwa na jina lake na neno lake la siri. Sisi tumegawa hivi: ziko picha za jamaa wote, kama za Idd na za safari, ziko za wanawake, ambazo ufunguo wake wanao wanawake wenyewe, wala mimi sina, na ziko za kila nyumba peke yake. Wageni wana waifai yao, ambayo haioni sanduku. Mke wa ndugu yangu aliposikia mpango huu ndipo alipokubali kutoa picha zake. Kabla ya hapo alikuwa akizificha katika flashi ndani ya mtoto wa meza, na alikuwa na haki.

Wala msilifungulie sanduku mlango wa intaneti ili mlitazame mkiwa safarini, isipokuwa kwa mtu aijuaye kazi hiyo sawasawa. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2021 wezi waliojulikana kwa jina la Qlocker waliingia katika masanduku ya namna hii katika nchi nyingi, wakazifungia faili za watu kwa neno la siri, kisha wakadai walipwe bitcoin 0.01 ndipo waziachie. Walioponea ni wale waliokuwa na nakala kabatini, imechomolewa. Na simu au diski ikipelekwa kwa fundi, au ikiuzwa, kwanza itolewe picha na kusafishwa. Serikali ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ni jambo jema. Lakini picha ya binti ikisha kuzunguka katika simu za stendi, hukumu ya mahakama hairudishi macho ya waliokwisha kuiona.

Picha za karatasi zisisahauliwe. Hali ya hewa ya Njombe, baridi na ukungu, huzitia kuvu. Zikikaa katika albamu za plastiki hugandana, na ukizibandua uso hubaki kwenye plastiki. Hizo zipitishwe katika mashine ya skana kwa kipimo cha nukta 600 kwa inchi, ambacho chatosha kabisa. Nyumbani kwetu zimo picha za baba yetu akiwa kijana, amesimama na wenzake wakati reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kabla haijakabidhiwa mwaka wa 1976. Mmoja amebeba sururu, mwingine amevaa kofia ya Kichina. Tulipozipitisha skana tulifurahi, mpaka mpwa wangu alipouliza, "Mjomba, huyu wa kushoto nani?" nami sikujua. Tukampelekea shangazi yetu huko Makambako, bibi wa miaka zaidi ya 80, akazitazama kwa miwani yake moja baada ya moja. Kati ya watu 11 aliwajua 8, na wa nane alilia. Andikeni majina yakiwa bado yana wenyewe. Yaandikwe ndani ya jina la faili, pamoja na mwaka ukitangulia mbele, ili faili zijipange zenyewe kwa miaka: 1974, Makambako, fulani bin fulani.

Limebaki jambo la funguo. Diski zetu zisafirizo zimefungwa kwa neno la siri, hata ikiibiwa stendi mwizi atapata chuma tu. Lakini kufuli hilo halimjui mwenyewe. Neno la siri likipotea, hata fundi wa ng'ambo hawezi kulifungua. Mtume (s.a.w.) amehimiza, kama ilivyopokewa na Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake umeandikwa, na Aya ya deni katika Suratul Baqara, aya ya 282, nayo yajulikana jinsi ilivyosisitiza kuandika na kushuhudisha. Nimeandika maneno ya siri kwa mkono katika karatasi mbili. Moja iko pamoja na wasia wangu, ya pili iko kwa dada yangu ndani ya bahasha iliyogundishwa. Za wanawake wameziandika wao na kuziweka wapendapo. Tena nimeandika kwamba nikifa, picha zangu mimi peke yangu zifanywe vipi, na nani ana haki ya kuzifuta. Mwanangu mkubwa alipoisoma alisema, "Baba, hata picha unazirithisha?" Nikamwambia zile 13 za bibi yake nisingeweza kumrithisha hata kama ningetaka.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu ya safari. Niliizungushia diski taulo, nikaitia katika mfuko, nikaipakata njia nzima. Kondakta aliniuliza kama ni mayai, nikamjibu ni zaidi ya mayai. Nilipofika kwa dada nilimkuta amewasha jiko la mkaa na chumba kina joto, naye akataka tuiunge saa ile ile aone picha za arusi ya mwezi uliopita. Nikamkataza. Kitu kilichotoka katika baridi ya Njombe kikiingia ghafula penye joto hutoka jasho ndani yake, kama kioo cha dirisha asubuhi, na jasho hilo halipatani na umeme. Tukaiacha mezani ndani ya taulo lake, tukaswali Magharibi, tukala, tukaswali Isha. Ndipo tukaiunga.